Kompyuta Ndogo Inapokataa Kuwaka Baada ya Kuwekewa Bodi ya Nyongeza



Kompyuta ya bodi moja ni kompyuta kamili iliyojengwa juu ya bodi moja ya saketi, ambayo aghalabu haizidi sana ukubwa wa kadi ya benki. Inayofahamika zaidi ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 2012. Nyingine ni kama Orange Pi na BeagleBone Black. Kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya kompyuta ya kawaida, walimu huitumia kufundishia uandishi wa programu, wenye maduka huendeshea kamera za ulinzi, na wafugaji husimamia joto la viatamizi vya mayai.

Hata hivyo, kompyuta hiyo peke yake haina kila kitu. Haina modemu ya laini ya simu, haina kipokezi cha GPS, haina betri ya akiba, wala haina swichi za kuwashia pampu au taa. Upungufu huo huzibwa na bodi ya nyongeza, ambayo hupachikwa juu ya safu ya pini zilizo ukingoni mwa kompyuta. Mlaji huinunua bodi hiyo, huipachika, huwasha umeme, na kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi jana haiwaki leo.

Hapo ndipo hasara huanza. Wapo wanaoamini kuwa kompyuta imeungua, wakanunua nyingine, nayo ikakataa vilevile siku ileile. Wapo wanaomlipa fundi kwa kazi ambayo wangeifanya wenyewe kwa dakika kumi. Wapo pia wanaorudi dukani na kukuta muuzaji wa kompyuta anailaumu bodi, muuzaji wa bodi anailaumu chaja, na mlaji hana la kuwajibu. Makala haya yanaeleza namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua, ili mlaji asitupe kifaa kizima, na ili ajue kwa ushahidi ni bidhaa ipi kati ya alizonunua iliyo na kasoro.

Kinachotokea kompyuta inapowashwa

Kompyuta haiwaki kwa tendo moja. Kwanza hupokea umeme. Kisha programu ndogo iliyo ndani yake huamka na kutafuta kadi ya kumbukumbu. Katika Raspberry Pi, programu hiyo huuliza pia kama kuna bodi iliyopachikwa juu na ni ya aina gani. Husoma pia faili la mipangilio, na mwisho hupakia kiini cha mfumo endeshi. Bodi ya nyongeza inaweza kuvuruga hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina dalili zake.

Katika matoleo makubwa ya Raspberry Pi hadi toleo la 4, taa nyekundu huonyesha kuwa umeme umefika, na taa ya kijani humetameta kadi inaposomwa. Taa nyekundu ikizimika au kufifia, shuku umeme. Taa ya kijani ikipepesa mara 4, ikatulia na kurudia, maana yake faili la kuanzishia halikupatikana katika kadi. Ikipepesa mara 7, kiini cha mfumo endeshi hakikupatikana. Aidha, Raspberry Pi 4 na 5 zikishindwa kuwaka huandika maelezo ya hitilafu kwenye skrini iliyounganishwa. Andika unachokiona, au kipige picha kwa simu, kabla hujagusa chochote. Picha hiyo itakufaa baadaye.

Jaribio la kwanza: ondoa bodi

Kabla ya yote, zima umeme ukutani na uchomoe waya wa chaja. Usiondoe wala kupachika bodi wakati kompyuta ina umeme, hata kama inaonekana haifanyi kazi. Inua bodi taratibu pande zote mbili kwa pamoja ili pini zisipinde. Chomoa pia vifaa vingine vyote, ubakize kadi ya kumbukumbu, skrini na kibodi pekee. Kisha washa. Matokeo yatakuwa mojawapo ya haya matatu:

1. Kompyuta inawaka kama kawaida. Hii ni habari njema: kompyuta ni nzima, na chanzo kipo katika bodi, katika chaja, au katika namna viwili hivyo vilivyounganishwa. Endelea na sehemu zinazofuata.

2. Taa zinawaka lakini mfumo haupandi. Yawezekana umeme uliyumba wakati kadi inaandikwa, na mafaili yakaharibika. Jaribu kadi nyingine iliyoandikwa mfumo endeshi upya. Ikiwaka kwa kadi hiyo, kompyuta ni nzima na kadi ya kwanza inahitaji kuandikwa upya.

3. Hakuna taa yoyote. Jaribu chaja na waya mwingine unaojua ni mzima. Ikiwa bado hakuna dalili ya uhai, huenda kompyuta imedhurika, na sasa una sababu ya kuipeleka kwa muuzaji au fundi.

Chanzo cha kwanza: umeme usiotosha

Hiki ndicho chanzo cha kuanza nacho, kwa sababu ni rahisi kukipima na mara nyingi hakihitaji kubadili bodi. Kompyuta na bodi hunywa kutoka chaja moja. Chaja iliyoitosha kompyuta peke yake inaweza kushindwa mgeni anapoongezeka.

Watengenezaji wa Raspberry Pi wanapendekeza chaja ya takriban volti 5 yenye uwezo wa ampia 2.5 kwa toleo la 3, ampia 3 kwa toleo la 4, na ampia 5 kwa toleo la 5. Chaja ya simu, hata ikiwa nzuri kwa simu, mara nyingi haifikii viwango hivyo. Vilevile, chaja inayotangaza wati nyingi huweza kuwa inazitoa kwa volti 9 au 12, ambazo kompyuta hizi haziziombi. Kwa volti 5 ikatoa kidogo tu. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, utafute ampia zilizoandikwa mbele ya volti 5.

Sasa tazama mahitaji ya bodi. Rilei moja ndogo ya volti 5 hutumia takriban miliampia 70 inapojivuta. Bodi yenye rilei 8 zinazojivuta zote mara tu umeme unapoingia inahitaji miliampia 560, yaani zaidi ya nusu ampia, katika sekunde zilezile ambazo kompyuta inaamka. Modemu ya mtandao wa GSM ni mzigo mkubwa zaidi: inaposaka mnara huweza kuvuta hadi ampia 2 kwa vipindi vifupi sana. Wastani wake ni mdogo, lakini kipindi kimoja kifupi kinatosha kuiangusha kompyuta na kuilazimisha kuanza upya, tena na tena.

Waya nao una sehemu yake. Waya mwembamba huzuia umeme kama bomba jembamba linavyozuia maji. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2, ukipitisha ampia 2, hupoteza volti 0.4. Chaja ikitoa volti 5.0, kompyuta itapokea 4.6. Raspberry Pi huanza kuonya kuwa umeme umepungua pale unaposhuka chini ya volti 4.63. Kwa hiyo chaja inaweza kuwa nzima, bodi nzima na kompyuta nzima, na kosa likawa la waya peke yake.

Ili kuthibitisha, washa kompyuta bila bodi, fungua dirisha la amri na uandike vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 linaonyesha kuwa umeme haujapungua tangu kompyuta ilipowashwa. Jibu la 0x50000 linaonyesha kuwa ulipungua wakati fulani, na kompyuta ikalazimika kupunguza kasi. Ikiwa umeme unapungua hata kabla ya bodi kupachikwa, bodi haina kosa. Alama ya radi ya manjano kwenye kona ya skrini ina maana hiyohiyo.

Tiba yake ni chaja inayopendekezwa kwa toleo lako na waya mfupi mnene. Bodi yenye mzigo mkubwa ipewe chaja yake yenyewe, ikiwa mtengenezaji ameiwekea tundu la kazi hiyo. Hadhari moja ni muhimu: bodi za betri ya akiba huilisha kompyuta kwa kupitia pini. Usichomeke chaja nyingine kwenye tundu la kompyuta kwa wakati huohuo isipokuwa maelekezo ya bodi yanaruhusu, kwa kuwa vyanzo viwili vinaweza kusukumana na kuunguza kifaa.

Chanzo cha pili: pini zisizolingana

Tangu mwaka 2014, Raspberry Pi kubwa zimekuwa na pini 40 katika safu mbili. Matoleo ya kwanza yalikuwa na pini 26. Bodi za kompyuta nyingine huweza kufanana kwa umbo lakini zikatofautiana kwa kazi ya kila pini, hivyo kuingia kwa bodi katika pini si ushahidi kwamba inafaa.

Kosa la hatari zaidi ni kupachika bodi ikiwa imesogea hatua moja. Pini ya 4 ya Raspberry Pi hubeba volti 5, na ya 6 iliyo jirani yake ni ya ardhi. Bodi ikisogea hatua moja, sehemu yake ya ardhi hukaa juu ya pini ya volti 5. Umeme huo husambaa katika ardhi yote ya bodi na kurudi katika kompyuta kwa kupitia pini za ishara, ambazo zimetengenezwa kuvumilia volti 3.3 tu. Kompyuta isipowaka kwa sababu hii, zima mara moja. Kila sekunde inayoongezeka inaongeza uwezekano wa kuungua.

Kagua mambo manne. Mosi, pini ya kwanza ya bodi ikae juu ya pini ya kwanza ya kompyuta. Katika Raspberry Pi, pini ya 1 hutambulika kwa kulehemiwa katika umbo la mraba upande wa chini. Pili, matundu ya skrubu ya bodi yalingane na ya kompyuta, yasipolingana, usiwashe. Tatu, upande wa chini wa bodi usiguse magamba ya chuma ya matundu ya USB au ya waya wa mtandao, kwani mguso huo huleta shoti. Weka nguzo ndogo za plastiki kati ya bodi na kompyuta, na ikiwa kompyuta ina kipoza joto, tumia kiunganishi kirefu zaidi. Nne, kama bodi ililehemiwa kwa mkono, tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna risasi ya kulehemu iliyounganisha pini mbili.

Chanzo cha tatu: utambulisho na mipangilio

Bodi zilizojengwa kwa kanuni zijulikanazo kwa jina la HAT, zilizotangazwa mwaka 2014, hubeba chipu ndogo ya kumbukumbu yenye jina na mipangilio ya bodi. Chipu hiyo huunganishwa na pini za 27 na 28, ambazo zimetengwa kwa kazi hiyo tu. Raspberry Pi huisoma kila inapowashwa. Ikiwa chipu ina mipangilio ya zamani isiyopatana na mfumo endeshi mpya, au ikiwa bodi isiyofuata kanuni imeunganisha pini hizo na kazi nyingine, mwamko wa kompyuta unaweza kuvurugika.

Ili kujaribu, zima kompyuta, toa kadi ya kumbukumbu na uichomeke katika kompyuta nyingine yoyote. Utaona faili liitwalo config.txt. Weka nakala yake pembeni kwanza. Kisha ongeza mstari force_eeprom_read=0, unaoizuia kompyuta kuisoma chipu ya bodi. Kompyuta ikiwaka bodi ikiwa imepachikwa, umepata chanzo, na hatua inayofuata ni kumwomba muuzaji maelekezo mapya ya mtengenezaji.

Katika faili hilohilo, tazama mistari inayoanza na neno dtoverlay. Mistari hiyo huieleza kompyuta namna ya kutumia bodi. Mara nyingi huongezwa na programu ya kusakinisha bodi, au hunakiliwa kutoka katika maelekezo yaliyoandikwa kwa toleo jingine. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari unaoushuku, na kompyuta itaupuuza. Zima mstari mmoja kwa kila jaribio. Ukibadili mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililokuwa kosa.

Chanzo cha nne: bodi inayosema kabla ya wakati

Baadhi ya kompyuta za bodi moja, zinapoamka, husikiliza pini za mawasiliano kwa sekunde chache ili kuona kama fundi anataka kusimamisha mwamko. Herufi yoyote ikifika, husimama na kusubiri amri. Kipokezi cha GPS kwa kawaida hutuma maandishi kila sekunde bila kuulizwa. Kompyuta huyachukulia maandishi hayo kuwa amri ya fundi, ikasimama hapo daima. Dalili yake ni hii: kompyuta huwaka vizuri bodi ikipachikwa baadaye, lakini haiwaki bodi ikiwepo tangu mwanzo. Katika hali hiyo bodi inapaswa kuhamishiwa pini nyingine za mawasiliano, au kuunganishwa kwa USB ikiwa ina uwezo huo.

BeagleBone Black ina tahadhari yake mahususi. Inapopata umeme, husoma hali ya pini za 31 hadi 46 katika safu ya P8 ili kujua ianzie wapi. Bodi inayozivuta pini hizo mapema huipeleka kompyuta mahali pasipo na mfumo endeshi. Vilevile, pini za 3 hadi 6 na 20 hadi 25 za safu hiyohiyo hutumiwa na kumbukumbu ya ndani. Bodi inayozitumia pini hizo huifungia kompyuta kumbukumbu yake yenyewe.

Kabla ya kununua

Mengi kati ya haya huepukika dukani. Mlaji anashauriwa kumwuliza muuzaji maswali yafuatayo, na ikiwezekana apate majibu kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu:

- Bodi hii inafaa toleo lipi hasa la kompyuta yangu? Jibu la kwamba inafaa matoleo yote halitoshi.
- Inahitaji ampia ngapi katika kilele chake, na je, inatumia chaja ya kompyuta au yake yenyewe?
- Inatumia pini zipi?
- Maelekezo yake yanafuata toleo lipi la mfumo endeshi?
- Naweza kuijaribu hapa dukani nikiwa na kompyuta yangu?

Dai risiti ya EFD kwa kila bidhaa, na hakikisha inataja aina ya bidhaa kwa ukamilifu. Tunza kasha na mifuko yake hadi utakaporidhika kuwa bodi inafanya kazi.

Unaporudi dukani

Ukimaliza majaribio, utakuwa na jambo ambalo mlaji mwingi hukosa: mpangilio wa ukweli. Andika katika karatasi moja kompyuta yako ni toleo gani, chaja ina ampia ngapi, nini kilitokea bila bodi, nini kilitokea ukiwa na bodi, na ulibadili nini katika kila jaribio. Ambatisha picha ulizopiga. Ikiwa kompyuta inawaka kwa chaja sahihi bila bodi, na inakataa kila bodi inapopachikwa kwa usahihi, huna sababu ya kwenda kwa muuzaji wa kompyuta. Nenda kwa muuzaji wa bodi.

Usilehemu, usikate pini wala usifungue sehemu zilizobandikwa lakiri kabla ya kuwasilisha dai. Kifaa kilichobadilishwa humpa muuzaji sababu ya kukataa. Ni haki pia kusema kuwa mlaji aliyepachika bodi kinyume na maelekezo hawezi kumtwika muuzaji mzigo wa kosa hilo.

Lakini aliyeuziwa bodi kwa maelezo kwamba inafaa kompyuta yake, kumbe haifai, ana msingi wa kudai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji, na inatambua kuwa bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi ambayo mlaji alimweleza muuzaji. Kibandiko cha dukani kisemacho bidhaa ikishauzwa hairudishwi kisikukatishe tamaa ya kudai. Anza kwa mazungumzo ya staha, omba kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha, na mpe muuzaji muda unaoeleweka wa kujibu. Asipojibu, au akikataa bila sababu, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiwa na risiti, karatasi ya majaribio, picha na nakala za mawasiliano yenu.